Je, Bangi Ikiruhusiwa na Sheria, Afya Zetu Zitakuwaje?



Vijana wanaotoka machimboni kuja kutibiwa kwetu wana swali wanalolileta mara kwa mara, hasa wakishazoeana na wauguzi wodini. Husema: "Sista, mbona Kanada bangi inauzwa dukani? Mbona Afrika Kusini wameruhusu? Kwa nini sisi tunafungwa?" Wazazi nao wanatuuliza, ila wao huuliza kwa hofu. Swali ni la haki, na kumkaripia anayeuliza hakumsaidii. Mwezi huu tutalijibu kwa upande tunaoufahamu, yaani afya na usalama wa watu, tukiangalia zaidi hali ya huku kwetu Shinyanga, Kahama na Geita, penye maduara.

Kuruhusu ni kuruhusu nini?

Kwanza tuelewane juu ya neno lenyewe, maana nchi zinazosemwa kuwa "zimeruhusu bangi" hazikufanya jambo moja.

Ziko zilizoruhusu ilimwe kwa ajili ya dawa au viwanda tu. Malawi ilipitisha sheria ya namna hiyo mwaka 2020. Jirani zetu Rwanda waliruhusu mwaka 2021 ilimwe kwa ajili ya dawa na kuuzwa nje ya nchi, lakini anayeivuta kijiweni huko bado ana kesi. Ziko zilizoacha kumfunga mtu mzima anayevuta faraghani, bila kufungua biashara. Ndivyo ilivyo Afrika Kusini, ambako Mahakama ya Katiba iliamua mwaka 2018 na sheria ikasainiwa mwaka 2024. Na ziko zilizoruhusu iuzwe wazi kwa starehe: Uruguay iliyopitisha sheria yake mwaka 2013, jimbo la Colorado huko Marekani lililoanza kuuza Januari 2014, na Kanada iliyoanza tarehe 17 Oktoba 2018.

Kenya jambo hili limesemwa sana. Marehemu Ken Okoth, aliyekuwa Mbunge wa Kibra, alilipendekeza mwaka 2018, na Profesa George Wajackoyah aligombea urais mwaka 2022 akiinadi bangi kama zao la kulipia madeni ya taifa. Hata hivyo kule bado imekatazwa. Hapa Tanzania inakatazwa na Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015. Kulima, kuuza, kusafirisha, kuwa nayo na kuitumia vyote ni kosa, na kwa wafanyabiashara wakubwa adhabu inafika kifungo cha maisha.

Kwa hiyo kijana akituambia "wameruhusu", tunamwuliza: wameruhusu nini kati ya hayo matatu? Mara nyingi hajui, na wala si kosa lake. Habari inafika machimboni ikiwa imekatwa kichwa na mkia.

Ndani ya duara

Mchimbaji anayevuta hatuambii kwamba anatafuta starehe. Anatuambia anavuta ili apate moyo wa kushuka, asisikie njaa, asichoke kupiga moko. Tunamwamini. Kazi ile ni ngumu, na mtu anayeshushwa kwa kamba hadi mita nyingi chini ya ardhi ana kila sababu ya kuogopa.

Lakini tuangalie moshi ule unafanya nini. Kemikali ya bangi inayolevya huitwa THC. Ikivutwa, inafika kwenye ubongo kwa dakika chache, na ulevi wake hudumu saa mbili hadi nne hivi, pengine zaidi. Katika muda huo mtu anachelewa kuitikia jambo la ghafula. Anasahau alichoambiwa sasa hivi. Kipimo chake cha umbali kinayumba, na muda unamdanganya: dakika moja anaiona tano, au tano anaziona moja.

Sasa mweke mtu huyo kwenye winchi, mwenzake akiwa chini anategemea kamba. Mweke kwenye utambi wa baruti, ambapo usalama wa wote unategemea mtu kujua muda umepita kiasi gani. Au mpe kazi ya kukagua matimba kama bado yanashika udongo. Ule moyo wa kushuka anaousifu maana yake ni kwamba hofu iliyokuwa ikimlinda imeondolewa.

Mashimo yetu hayana huruma hata kwa mtu mwenye akili timamu. Mwaka 2015 huko Nyangalata, Kahama, wachimbaji watano waliokolewa wakiwa hai baada ya siku 41 chini ya ardhi. Januari 2017 huko Nyarugusu, Geita, watu 15 walifukiwa na kutolewa salama baada ya siku kadhaa. Hatusemi kwamba bangi ilihusika katika ajali hizo. Tunasema tu kwamba pale udongo unapoweza kushuka wakati wowote, kila nusu dakika ya mtu kuzubaa ina bei yake.

Wako wenye maduara wanaotwambia: "Ikiruhusiwa, basi tutawapima kabla ya kushuka, kama askari wa barabarani anavyompima dereva pombe." Hapo kuna tatizo. Kipimo cha pombe kinaonyesha ulevi wa saa ile ile. Kipimo cha mkojo cha bangi hakionyeshi hivyo. Anayevuta kila siku anaweza kuonekana na bangi mkojoni wiki kadhaa baada ya kuacha, wakati hajalewa kabisa. Tena aliyevuta robo saa iliyopita, kama hakuwa na mazoea, mkojo wake unaweza usionyeshe kitu bado. Hata nchi tajiri zinahangaika na jambo hili kwa madereva wao. Mwenye duara atalimalizaje?

Moshi juu ya vumbi

Hili ndilo linalotuumiza zaidi wauguzi, na halizungumzwi sana kwenye mabishano ya kuhalalisha.

Mwamba wa dhahabu ukipigwa moko au ukisagwa kwenye karasha unatoa vumbi la silika. Vumbi hilo likishaingia kwenye mapafu halitoki. Linaacha makovu, na mapafu yenye makovu hayo ni shamba zuri la kifua kikuu. Vipimo vilivyofanyika katika machimbo madogo ya dhahabu hapa Tanzania, vikachapishwa mwaka 2015, vilionyesha kwamba anayechoronga mwamba chini ya ardhi anavuta silika zaidi ya mara 300 ya kiwango kinachopendekezwa na wataalamu wa afya za wafanyakazi. Mara mia tatu, ndugu wasomaji, na mara nyingi hana hata kitambaa puani.

Juu ya mapafu hayo ndipo unapoongezwa moshi wa bangi. Mvutaji wa bangi huvuta kwa nguvu na kuuzuia moshi kifuani kwa muda mrefu kuliko mvutaji wa sigara. Anapata kikohozi cha muda mrefu na makohozi mengi. Kisha msokoto unapokezanwa. Vijana wanne au watano wanakaa ndani ya kibanda cha turubai, wamefunga mlango ili wasionekane, wanapokezana kijiti kimoja huku wakikohoa. Kama mmoja ana kifua kikuu, wote wanavuta hewa yake. Jambo hili si la kubuni: huko Marekani na Australia, miaka ya 2000, iliwahi kutokea kundi la vijana kuambukizana kifua kikuu kwa namna hiyo hiyo ya kuvuta bangi pamoja mahali palipofungwa.

Atakayesema kwamba ni marufuku ndiyo inayowafungia kwenye kibanda ana hoja, nasi tunaikubali. Mtu asiyejificha angeweza kuvutia nje penye hewa. Lakini sheria ikibadilishwa leo, vumbi la silika litabaki pale pale, na mvutaji atabaki na mapafu yale yale.

Tatizo jingine ni kwamba mvutaji analizoea lile kohozi. Anasema "ni msuba tu huu". Anakuja kwetu baada ya miezi, amekonda, anatoka jasho usiku, wakati mwingine anatema damu, na kumbe amekwisha kuwaambukiza mama lishe na watoto wake. Kikohozi cha wiki mbili, hata kama unavuta, kapime makohozi. Kipimo na dawa za kifua kikuu hutolewa bure.

Waliofungua maduka wamejifunza nini?

Tuseme ukweli wote. Kanada, baada ya kuruhusu, watu waliokamatwa kwa ajili ya bangi walipungua sana, na watu wengi wamehama kutoka kwa wauzaji wa kichochoroni kwenda maduka yenye leseni. Wanafunzi wa sekondari nao hawakufurika kwenye bangi kama wengine walivyotabiri. Hayo ni mema, na anayeyaficha hatendi haki.

Lakini yako mengine. Baada ya vyakula vyenye bangi, kama peremende, biskuti na chokoleti, kuanza kuuzwa kihalali, watoto wadogo waliolazwa hospitali kwa sumu ya bangi waliongezeka mara kadhaa. Mtoto wa miaka mitatu hajui kusoma lebo. Akiona peremende anakula, tena anakula zote. Bangi ya kula inachelewa nusu saa hadi saa mbili kabla ya kuonyesha nguvu yake, kisha inakaa muda mrefu. Mtoto analegea, anasinzia asiamshike, na wengine wanashindwa kupumua vizuri. Jimbo la Quebec, ambalo halikuruhusu peremende za aina hiyo, nalo lilipata ongezeko, ila dogo kuliko majimbo mengine. Maana yake ni kwamba aya moja tu ya sheria inaweza kumwokoa mtoto au kumwingiza wodini.

Halafu ipo nguvu ya bangi yenyewe. Bangi iliyokamatwa Marekani katikati ya miaka ya 1990 ilikuwa na THC ya asilimia 4 hivi. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 2010 ilikuwa karibu asilimia 15, na yako mafuta yake yanayopita asilimia 60. Biashara yoyote hupenda kuuza kilicho kikali zaidi. Hata huku kwetu Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya imekuwa ikikamata skanka, ambayo ni bangi kali kuliko ile ya kawaida, na hata biskuti zilizochanganywa bangi. Babu anayesema "sisi tulivuta ujanani, mbona hatukuwa wendawazimu" alivuta kitu kingine.

Thailand iliiondoa bangi kwenye orodha ya dawa za kulevya Juni 2022 kabla ya kutunga sheria kamili ya kuisimamia. Maduka yakaota kama uyoga. Juni 2025 serikali yao ikarudisha nyuma mguu na kuagiza iuzwe kwa cheti cha daktari tu.

Lakini kwa nini twende mbali hivyo? Tulikuwa na viroba. Pombe kali ile ya kwenye mifuko midogo ya plastiki ilikuwa halali, yenye kodi na lebo, na kwenye lebo iliandikwa kwamba haiuzwi kwa aliye chini ya miaka 18. Dereva wa bodaboda aliiweka kwenye mfuko wa shati. Mwanafunzi aliificha kwenye soksi. Machimboni iliuzwa kwenye kila genge, kando ya vitunguu na sabuni, na aliyetaka kushuka duarani alimaliza kimoja kwanza. Serikali ikaipiga marufuku kuanzia tarehe 1 Machi 2017. Tukumbuke kwamba katika miaka yote ile sheria ya umri ilikuwapo. Hakukuwa na wa kuisimamia pale Mwakitolyo saa nne za usiku, rashi inapokuwa imepamba moto na watu elfu kadhaa wamehamia porini kwa wiki moja.

Kanada ina wakaguzi, maabara za kupima kila mzigo, chupa ambazo mtoto hawezi kuzifungua na namba ya simu ya kuuliza habari za sumu, na bado watoto wake walilazwa. Ndiyo maana sisi, kwa maoni yetu ya kiuguzi, hatuungi mkono bangi kufunguliwa kibiashara huku kwetu. Lakini pia hatuamini kwamba kumfunga kijana aliyekutwa na kijiti kimoja kunamtibu chochote. Anatoka gerezani na kikohozi kile kile, pengine na kifua kikuu cha huko.

Kuhusu akili

Si kila anayevuta anachanganyikiwa. Tukisema hivyo vijana watatucheka, maana wanawaona wenzao. Lakini uhusiano upo na umejulikana zamani. Mwaka 1987 huko Sweden walichapisha habari za vijana zaidi ya 45,000 walioandikishwa jeshini na kufuatiliwa miaka 15. Waliokuwa wamevuta sana walipata ugonjwa mkali wa akili uitwao skizofrenia mara sita zaidi ya wasiovuta. Tafiti za baadaye zimeonyesha kwamba hatari inakua kwa anayevuta kila siku, anayetumia bangi kali, anayeanza akiwa mdogo, na aliye na ndugu wa damu mwenye ugonjwa wa akili. Na kuhusu uteja, katika kila watu kumi wanaoionja karibu mmoja hunaswa. Kwa wanaoanza utotoni ni karibu mmoja katika sita. Watoto wanaobeba mawe kwenye mialo yetu wanaanza wakiwa na umri gani? Wazazi mnajua kuliko sisi.

Sasa tuna ombi. Kijana akirudi nyumbani kutoka machimboni anaongea peke yake, anatetemeka au anapiga watu, ukoo mzima husema "ni bangi hiyo". Anafungwa kamba na kuachwa "imtoke", au anapelekwa kwa mganga. Tafadhali msifanye hivyo. Yako magonjwa mengi yanayofanana na hayo. Malaria iliyopanda kichwani inaua kwa siku mbili tatu. Ipo homa ya uti wa mgongo, na kuishiwa sukari. Mtu aliyeangukiwa na jiwe kichwani anaweza kuanza kuchanganyikiwa siku kadhaa baadaye. Ipo pia zebaki: anayechoma dhahabu kwa zebaki ndani ya nyumba anavuta mvuke wake, na baada ya muda mikono inatetemeka, anasahau, anakuwa mkali bila sababu. Wote hao tumewahi kuletewa wakiitwa wavuta bangi. Hata kama kweli amevuta, bado anaweza kuwa na malaria.

Lipo tatizo la upande wa pili pia. Mvutaji wa muda mrefu anaweza kupata kutapika kusikoisha kunakorudi kila baada ya wiki kadhaa, na anapata nafuu akioga maji ya moto. Anatibiwa malaria, anatibiwa vidonda vya tumbo, hapati nafuu, kwa kuwa anaogopa kusema anavuta. Dawa yake kubwa ni kuacha.

Na wenye watoto wa kifafa, tunawasihi. Ni kweli ipo dawa iliyotengenezwa kutoka kwenye mmea wa bangi ambayo Marekani iliikubali mwaka 2018 kwa aina chache za kifafa kigumu cha watoto. Dawa hiyo imesafishwa na kupimwa, na haina ile nguvu ya kulevya. Chai ya majani ya bangi si dawa hiyo. Mtoto anayekatishwa vidonge vyake vya kila siku ili anyweshwe chai hiyo anaweza kupata degedege mfululizo lisilokoma.

Mkimleta hospitali

Hospitali si kituo cha polisi. Tukimwuliza mgonjwa kama anavuta, tunataka kujua tumtibu vipi, na siri yake inabaki kwenye faili lake. Mwambieni hivyo njiani, maana wengi wanatoroka getini.

Njooni na mtu anayefahamu kazi yake machimboni: kama anachoronga, anasaga au anachoma zebaki, lini alianza kubadilika, kama aliumia kichwa, kama anakohoa na kwa muda gani. Leteni kadi yake ya kliniki kama anayo. Msimpige. Kama mmemfunga kwa sababu alikuwa anajiumiza, legezeni kamba, maana tumeona mikono iliyokufa ganzi moja kwa moja. Mama mjamzito anayevuta naye aje na aseme kliniki, kwa kuwa moshi ule unapunguza uzito wa mtoto tumboni.

Wengine hutuuliza kama tuna ile dawa ya kunywa kila siku wanayopewa watumiaji wa heroini, yaani methadoni. Hiyo haitibu uteja wa bangi. Anayeacha bangi husaidiwa kwa ushauri nasaha na kwa kukaa mbali na wenzake wa kibandani. Akizidiwa na akili kuvurugika kweli, tunampa rufaa kwenda kwenye madaktari wa magonjwa ya akili. Hospitali ya Bugando, Mwanza, wapo.

Atakaporudi nyumbani, siku ya kwanza au ya pili ataanza kuwa na hasira, hatalala vizuri, atakataa ugali na ataota ndoto za ajabu. Wiki ya kwanza ndiyo ngumu kuliko zote. Mpeni uji na maji mengi, mtoeni nje mchana atembee, asiachwe peke yake usiku, na mtu mmoja tu ndiye awe wa kuongea naye anapokasirika, si ukoo mzima kwa pamoja. Kwa wengi hali hiyo huisha katika wiki mbili hivi, ingawa usingizi unaweza kuchelewa kidogo kurudi.